Kona si Ajali: Mabao ya Kichwa na Ushindi Ambao Stars Haijaupata

Naomba leo tuiweke kando Katiba, bajeti na chaguzi, tuzungumze mpira. Wako watakaosema mwalimu ameishiwa mada. Nawaomba wavumilie hadi mwisho, kwa sababu ninachotaka kukijadili kimo katika kila ofisi ya umma, kila chama cha wanafunzi na kila asasi ya kiraia nchini. Nimechagua kukitazama kupitia kona kwa kuwa kwenye kona kila kitu hufanyika hadharani, na hakuna anayeweza kulificha jalada.

Nianze na rekodi. Hadi ninapoandika, timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, imecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara 4: mwaka 1980 nchini Nigeria, 2019 nchini Misri, Januari 2024 nchini Côte d'Ivoire, na Desemba 2025 hadi Januari 2026 nchini Morocco. Jumla ni mechi 13. Hatujashinda hata moja.

Hiyo ni habari inayojulikana. Isiyosemwa sana ni hii: katika mechi hizo 13, Stars imewahi kuongoza katika mechi 3 tu, dhidi ya Kenya, Zambia na Uganda. Na katika mechi zote 3, bao lililotuondoa mbele kwa mara ya mwisho lilifungwa kwa kichwa.

Mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili ni sadfa. Mara tatu ni jambo ambalo mwanahistoria hana ruhusa ya kulipita.

Mechi tatu

Tarehe 27 Juni 2019, jijini Cairo, Stars ilikutana na jirani yake Kenya. Simon Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja tu baadaye Mbwana Samatta akaturudisha mbele. Tulikwenda mapumzikoni tukiongoza 2–1. Dakika ya 62 Kenya wakapata kona, na Johanna Omolo akaupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni. Olunga alifunga la tatu dakika ya 80. Tulilala 3–2.

Tarehe 21 Januari 2024, mjini San Pedro, tulicheza na Zambia. Msuva tena alifunga mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia alitolewa kwa kadi nyekundu, hivyo kipindi chote cha pili tulikuwa 11 dhidi ya 10. Dakika ya 88 Zambia wakapata kona. Aliyekwenda kuipiga alikuwa Clatous Chama, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa Simba ya Dar es Salaam. Mguu wake ulijulikana kwa kila shabiki wa Ligi Kuu yetu, anayempenda na asiyempenda. Patson Daka akapanda juu na kufunga kwa kichwa. Ngoma ikaisha droo, 1–1.

Tarehe 27 Desemba 2025, jijini Rabat, tulicheza na Uganda. Msuva alifunga kwa penalti kipindi cha pili. Dakika ya 80 Uche Ikpeazu, aliyeingia kutoka benchi, akasawazisha kwa kichwa. Tena 1–1. Na siku nne kabla ya hapo, tulipofungwa 2–1 na Nigeria, bao la kwanza la Nigeria alilifunga beki Semi Ajayi, naye pia kwa kichwa.

Hebu tuipime gharama ya kona ile ya San Pedro. Kundi letu lilimalizika Morocco wakiwa na pointi 7, Kongo pointi 3, Zambia 2 na sisi 2. Mechi ya mwisho tulitoka 0–0 na Kongo. Ni kweli kwamba mechi ile ya mwisho ingeweza kuchezwa kwa namna nyingine kama hesabu zingekuwa tofauti. Hata hivyo, kwa matokeo yaliyopatikana, mpira ule ungeokolewa tungemaliza na pointi 4, nafasi ya pili, na hatua ya 16 bora tungeiingia Januari 2024. Tuliingia miaka miwili baadaye, nchini Morocco, tukiwa na sare mbili.

Bao linalotangazwa kabla

Kona ina historia, na historia hiyo inatusaidia kuielewa. Mpira wa miguu ulipokuwa ukiandikiwa sheria nchini Uingereza katika karne ya 19, kulikuwa na mabishano marefu kuhusu mpira unaotoka nje kupitia mstari wa goli. Vilabu vya Sheffield ndivyo vilivyoleta kona mwishoni mwa miaka ya 1860, na Chama cha Soka cha Uingereza kikaikubali mwaka 1872. Wazo lake lilikuwa la haki: beki anayeutoa mpira nje ili kujinusuru asipate faida bure. Aliyeshambulia arudishiwe nafasi yake, mpira ukiwa umesimama, kwenye pembe ya uwanja.

Tazama basi kilichomo ndani ya adhabu hiyo. Mpira umekufa. Mchezo umesimama. Mpigaji anajulikana, na mara nyingi mguu anaoutumia unajulikana. Warefu wa timu pinzani wanapanda wote, na unawaona wakipanda. Wapinzani wanatakiwa kukaa angalau mita 9.15 kutoka kwenye robo duara ya kona. Kuotea hakupo kwa anayeupokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona, hivyo mabeki hawawezi kujificha nyuma ya kibendera. Lango ni lile lile, mita 7.32 kwa 2.44. Katika mchezo wa kawaida hatari huja kama mwizi wa usiku. Kwenye kona hatari hupiga hodi, husubiri mlangoni, halafu ndipo huingia.

Kwa upande wa pili, anayezuia naye amepewa mengi. Ana muda wa kujipanga. Anaweza kuwarudisha wachezaji wote 11. Ana kipa ambaye, peke yake miongoni mwa watu wote walio mbele ya lango, anaruhusiwa kutumia mikono, na mikono ya kipa wa kawaida hufika juu kuliko kichwa cha mshambuliaji yeyote. Ndiyo maana wataalamu wa ufundi huona bao la kona kuwa bao la makubaliano yaliyovunjika kuliko bao la kipaji.

Hapo tukumbuke jambo moja la takwimu. Tafiti za ligi kubwa za Ulaya zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba kona chache mno huzaa bao, takriban 3 kati ya 100. Mtu akisikia hivyo hudhani kona si kitu cha kuogopa. Mimi naona kinyume chake. Maana yake ni kwamba timu inaweza kujipanga ovyo mara 97 na isiadhibiwe. Beki aliyelala hakugundulika, kwa sababu mpira ulipita juu. Kipa aliyetoka nusu njia hakulaumiwa, kwa sababu mshambuliaji alipaisha. Kila mara uzembe unapita bila gharama, unageuka kuwa mazoea, na mazoea yanageuka kuwa mfumo. Kisha inakuja ile ya 98, dakika ya 88, mbele ya bara zima, na sote tunashika vichwa tukiuliza imekuwaje.

Visingizio vitatu

Baada ya kila bao la namna hii hutolewa maelezo matatu, nami nimeyasikia katika mabasi, kantini za chuo na redio.

La kwanza ni kimo: sisi wafupi, wenzetu warefu. Kimo kina uzito wake, sikatai. Lakini Fabio Cannavaro, beki wa kati aliyeiongoza Italia kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, ana kimo cha takriban mita 1.76, kimo ambacho utakikuta katika daladala yoyote ya Mwanza. Aliruka kwa wakati, alisimama mahali sahihi, na alijua kazi yake kabla mpira haujapigwa. Na Stars ile ile iliyofungwa na Daka ilisimama dakika 90 dhidi ya Kongo siku tatu baadaye, mjini Korhogo, bila kuruhusu bao. Wachezaji hawakurefuka kati ya Jumapili na Jumatano.

La pili ni bahati, pamoja na ndugu zake wa gizani ambao sitawataja. Bahati haiwezi kueleza marudio. Tukikubali bahati kuwa jibu, tumefunga mlango wa kujifunza.

La tatu ni kutafuta mtu mmoja: kipa, beki fulani, kocha. Hili ndilo baya zaidi kwa kuwa linafanana na uwajibikaji. Kocha huondoka, beki huachwa, na kona inayofuata hutukuta tulivyo. Katika fainali za 2019 kocha alikuwa Emmanuel Amunike. Dhidi ya Zambia alikuwa Hemed Suleiman, aliyepokea timu katikati ya mashindano baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Dhidi ya Uganda alikuwa Miguel Gamondi. Makocha watatu kutoka nchi tatu, na bao la aina moja. Mzigo huu haumkai mtu mmoja mabegani.

Tunachokikumbuka na tunachokisahau

Maelezo ninayoyaona mimi yako katika kumbukumbu zetu. Mpira uliingia kwetu kupitia shule za misheni, bandari na ofisi za serikali. Pale Zanzibar, wanafunzi wa Kiungani waliucheza kabla ya karne ya 19 kumalizika. Yanga ilianzishwa 1935, na klabu tunayoiita leo Simba ilianzishwa 1936. Tangu hapo tumejenga utamaduni mzuri sana wa kumpenda mwenye chenga na mwenye bao. Majina ya utani, mabango ya daladala, mijadala ya vijiweni, vyote ni vya washambuliaji na viungo. Beki hukumbukwa siku aliyokosea.

Mfano mkubwa ni mwaka 1979. Taifa lilikuwa limetoka katika vita vya Kagera, vita vilivyoanza kwa mkoa huu kuvamiwa Oktoba 1978. Katika mwaka huo mgumu, Stars ilikwenda Ndola kurudiana na Zambia, ikiwa imeshinda 1–0 Dar es Salaam. Peter Tino alifunga bao la kusawazisha, matokeo yakawa 1–1, nasi tukafuzu kwenda Nigeria 1980. Kila Mtanzania anayefuatilia mpira analijua jina la Tino, na anastahili. Lakini muulize mtu yeyote ni mipira mingapi ya juu iliokolewa siku ile, na nani aliyeiokoa, huku uwanja mzima wa Ndola ukiwazomea. Nahodha wa kikosi cha 1980 alikuwa beki, Leodegar Tenga. Vijana wengi wanamfahamu kama rais wa zamani wa TFF tu. Kazi yake ya kuzuia haina hadithi.

Historia ikajirudia kwa kejeli. Mwaka 1979 tulifuzu kwa bao tulilowafunga Zambia nyumbani kwao. Mwaka 2024 tulizuiwa kusonga mbele kwa bao walilotufunga Zambia hao hao, dakika ya 88. La kwanza tunalisimulia kama ushujaa wa mtu. La pili tunalisimulia kama mkosi. Ninaona kwamba yote mawili yalikuwa kazi, na kazi hufundishwa.

Wenzetu wamelielewa hilo. Ugiriki ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2004 ikiwa na kikosi ambacho hakuna aliyekiogopa. Fainali dhidi ya Ureno iliamuliwa kwa bao moja la Angelos Charisteas, kichwa kutokana na kona. England ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2018, mabao 9 kati ya 12 iliyofunga yalitokana na mipira iliyokufa. Kona ni silaha ya asiye na silaha nyingine. Zambia wenye watu 10 hawakuwa na njia nyingine ya kutufikia. Anayeipuuza anampa mnyonge wake upanga.

Mawe saba ya Nemba

Naandika sehemu hii nikiwa Nemba, katika ukanda huu wa Ngara na Biharamulo, pembe ya kaskazini magharibi ya nchi yetu ambako Rwanda na Burundi ziko karibu kuliko Dodoma. Ukitazama ramani utaona kwamba sisi wenyewe tuko kwenye kona. Mechi ile ya Uganda niliitazama hapa, kwenye kibanda umiza, nimebanana na vijana kwenye mabenchi ya mbao. Mpira wa Ikpeazu ulipoingia, mzee mmoja nyuma yangu hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Walikuwa wengi, lakini hakuna aliyekuwa na mtu."

Sijasikia uchambuzi bora kuliko huo, redioni wala kwingineko.

Kesho yake nilipita kwenye uwanja wa vijana. Ni uwanja wa udongo mwekundu, milingoti ni ya mikaratusi, nyavu hakuna. Kijana anayewafundisha watoto, ambaye hana leseni yoyote ya ukocha ila anaipenda kazi hiyo, alikuwa amepanga mawe saba mbele ya lango. Nikamuuliza ni ya nini. "Ni ya kona, Mwalimu. Kila mtoto ana jiwe lake." Jiwe la kwanza liko mbele ya mlingoti wa karibu na mpigaji. Matatu yamepangwa mstari mbele ya kipa, kwenye ukingo wa boksi dogo. Mawili yako mbele zaidi, ya wale wanaomzuia mrefu wa upinzani asikimbie. La saba liko nje, kwa ajili ya mpira unaorudi. Watoto hawaruhusiwi kulikalia jiwe. Wanaanzia hapo na kuufuata mpira.

Bila kujua istilahi, kijana yule alikuwa akifundisha mchanganyiko wa njia mbili zinazobishaniwa na makocha duniani. Njia ya kwanza ni kukaba mtu kwa mtu: kila beki anapewa mshambuliaji wake. Uzuri wake ni kwamba lawama ina jina. Udhaifu wake ni kwamba mshambuliaji ndiye anayeamua mahali pa kwenda, na akimgonganisha beki wako na mwenzake, mtu wako amepotea. Njia ya pili ni kukaba eneo: kila beki analinda kipande chake, na mpira ukiingia humo ni wake. Uzuri wake ni kwamba mahali pa hatari hapabaki wazi. Udhaifu wake ni kwamba beki aliyesimama hupambana na mtu anayekuja mbio, na anayekuja mbio huruka juu zaidi. Kwa hiyo timu nyingi huchanganya: warefu wanalinda eneo, wengine wanawavuruga wakimbiaji.

Njia yoyote utakayoichagua, mambo manne hayabadiliki. Mosi, beki auendee mpira, asiusubiri. Pili, kipa aamue mara moja, natoka au nabaki, na sauti yake iwe moja na isikike. Tatu, mpira ukiokolewa kazi haijaisha, maana mabao mengi hutokana na mpira wa pili. Dhidi ya Morocco, Januari 2024, Aishi Manula alipangua mpira wa adhabu wa Hakim Ziyech, na Romain Saïss ndiye aliyeufikia wa kwanza. Nne, mchezaji wa akiba anapoingia lazima ajue anarithi jiwe la nani. Hili la nne ndilo linaloua timu dakika za mwisho. Anatoka mchovu aliyejua kazi yake, anaingia mwenye nguvu asiyejua mtu wake.

Nilimuuliza kijana yule kuhusu vichwa, kwa kuwa tangu mwaka 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vimeweka miongozo ya kutowafundisha watoto wadogo kupiga vichwa mazoezini, kwa hofu ya madhara ya ubongo. Akacheka. Watoto wake wadogo hutumia mikono: wanaudaka mpira badala ya kuupiga kichwa. Wanachojifunza ni kufika mahali kwa wakati. Kichwa kitakuja baadaye. Hapo nikaona kwamba kuzuia kona hakuhitaji uwanja wa nyasi wala bajeti ya mabilioni. Kunahitaji mawe saba, na mtu wa kuyapanga kila siku.

Lakini yeye ni mmoja, na hakuna anayemlipa. Timu ya Ligi Kuu iliyobeba jina la mkoa huu, Kagera Sugar, iko mbali upande wa Bukoba, nayo ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25. Kati ya mtoto wa Nemba na Taifa Stars kuna UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya siku chache kwa mwaka ambayo timu zake huundwa kwa haraka. Timu ya haraka hufundishwa kufunga. Kuzuia huhitaji miezi, na miezi hatuipangi.

Kona za taifa

Sasa nirudi nilikoahidi, kwa tahadhari, kwa sababu uhai wa watu haulinganishwi na bao.

Wilaya hii ya Biharamulo inaijua kona ya aina nyingine. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, upande wa Bukoba. Tangu siku ile kona ilikuwa imetangazwa: tulijua ugonjwa upo, tulijua mkoa, tulijua unavyoambukiza. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa. Siku hizo hizo Wizara ikasema sampuli hazikuonyesha Marburg. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mbele ya taifa kwamba mgonjwa mmoja amepatikana nao. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, watu 10 wakiwa wamefariki.

Kuna mawili ya kusema, na haki inataka yasemwe yote. Maabara inayohamishika ilikuwa imekwisha kuwekwa Kabaile, humu humu Kagera, na vipimo vyake vilisaidia kuutambua ugonjwa bila kusubiri sampuli zisafiri nchi nzima. Hilo ni jiwe lililowekwa mahali pake kabla ya mpira kupigwa, na mlipuko haukusambaa ukawa janga la taifa. Lakini katika siku zile za mwanzo raia alisikia sauti mbili zinazopingana, kama kipa anayesema natoka huku beki akiambiwa piga. Mbele ya lango, sauti mbili ni hatari kuliko ukimya.

Watumishi wa umma mnaonisoma, mnazifahamu kona zenu. Mvua za masika zina tarehe. Kipindupindu kina mitaa yake. Ukaguzi wa hesabu una mwezi wake. Hakuna kati ya hayo lililo shambulizi la ghafla. Na bado kila mwaka tunaunda kamati wakati mpira uko hewani. Tazameni pia uhamisho. Afisa aliyelijua jambo anahamishwa wilaya nyingine, anayekuja anakabidhiwa funguo, kiti na orodha ya samani. Hakabidhiwi mtu wake. Makabidhiano ya ofisi kwetu ni ya mali, na mara chache ni ya hatari. Huyo ndiye mchezaji wa akiba aliyeingia dakika ya 80 bila kuonyeshwa jiwe.

Nanyi wanaharakati na wanafunzi, msidhani mmesamehewa. Mikutano yetu huwa na watu 40 na azimio lisilo na jina la mtekelezaji. "Tufuatilie suala hili." Nani? Sote. Na sote, mzee wa kibanda umiza alikwisha kutuambia, maana yake ni hakuna.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Taifa hupimwa zaidi kwa jinsi linavyojipanga mbele ya hatari inayojulikana kuliko kwa jinsi linavyopokea ya ghafla. Hatari ya ghafla inamsamehe aliyeshindwa. Inayojulikana haimsamehi mtu. Mara 97 haitatokea chochote, na mara hizo 97 ndizo za kujifunzia, kwa sababu ndizo ambazo hakuna anayetazama.

Mwaka 2027 fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zimepangwa kuchezwa kwetu, Kenya na Uganda. Majirani wawili waliotusawazishia kwa kichwa watakuwa wenyeji wenzetu. Viwanja vinajengwa, na picha zake tunazisambaza kwa fahari. Nawauliza wenye dhamana ya mpira swali dogo ambalo halihitaji zege: itakapopigwa kona dhidi yetu dakika ya 88, tukiwa mbele kwa bao moja, kila mmoja atakuwa anajua mtu wake? Na wewe msomaji, katika kazi uliyokabidhiwa leo asubuhi, jiwe lako ni lipi?